Zeituni na Nguvu za Misuli Uzeeni

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole kuanzia kati ya miaka 30 na 40. Kwa kila miaka kumi, mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Misuli na nguvu zikipungua kupita kiasi, hali hiyo huitwa sakopenia. Mzee hushindwa kuinuka kitini au kubeba ndoo ya maji, na huwa katika hatari ya kuanguka na kuvunjika mfupa.

Je, zeituni zinaweza kusaidia?

Ndani ya zeituni kuna nini?

Tunda bichi la mzeituni ni chungu sana. Uchungu huo hutokana hasa na oleuropeini, ambayo imo kwa wingi pia kwenye majani. Zeituni zikilowekwa kwenye maji ya chumvi, sehemu kubwa ya oleuropeini hutoka, ndipo zinalika. Mafuta ya zeituni yana oleuropeini kidogo sana, ila yana viini vingine, kama haidroksitairosoli. Viini hivi ni vingi zaidi katika mafuta yaliyokamuliwa bila kemikali kuliko yaliyosafishwa kiwandani.

Utafiti unasema nini?

Ndani ya seli za misuli kuna mitokondria, sehemu zinazozalisha nishati. Msuli unapofanya kazi, kalsiamu huingia kwenye mitokondria na kuongeza uzalishaji huo. Uzeeni, njia hiyo ya kalsiamu hudhoofika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, na wa kampuni ya Nestlé, Uswisi, waligundua kwamba oleuropeini huongeza kalsiamu inayopita kwenye njia hiyo. Panya waliopewa oleuropeini, wachanga na wazee, walifanya mazoezi vizuri zaidi na kuchelewa kuchoka.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini panya si binadamu. Kwa sasa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidonge vya majani ya mzeituni vinazuia sakopenia kwa watu. Kumbuka pia kwamba Nestlé huuza virutubisho.

Kinachosaidia kwa uhakika

- Mazoezi ya nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga uwiano wa mwili siku 3 au zaidi kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Mzee anaweza kuinuka na kukaa kitini mara kadhaa, kunyanyua chupa za maji, au kusimama kwa vidole vya miguu huku ameshika ukuta.
- Protini ya kutosha. Wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Yai moja lina takriban gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa takriban gramu 15. Dagaa, kunde, maziwa na karanga pia ni vyanzo vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.
- Mafuta bora. Ukimudu mafuta ya zeituni, yatumie badala ya mafuta yanayoganda. Usipunguze mayai, maharage au dagaa ili uyanunue.

Mpime nyumbani

Egemeza kiti imara ukutani. Mwambie mzee akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5 mfululizo. Simama karibu naye. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, huenda misuli yake imedhoofika.

Tahadhari

- Vidonge vya majani ya mzeituni vinaweza kushusha shinikizo la damu na sukari. Anayetumia dawa za magonjwa hayo azungumze na daktari kabla ya kuvitumia.
- Mama mjamzito au anayenyonyesha asivitumie bila ushauri wa daktari.
- Zeituni za kopo zina chumvi nyingi. Mwenye shinikizo la juu la damu ale chache.

Mpeleke kituo cha afya iwapo

- ameanguka, hata kama hakuumia;
- anapungua uzito bila sababu;
- amepoteza nguvu ghafla, hasa upande mmoja wa mwili. Hii inaweza kuwa kiharusi. Mwahishe hospitali mara moja.