Nasaba ya Somerled: Kuusoma Ukoo wa MacDonald

Ukikabidhiwa nasaba ya kale, msomaji, usianzie juu. Anza na mtu aliye na ushahidi nje ya nasaba yenyewe, kisha upande polepole. Tuchukue ukoo wa MacDonald wa Uskoti.

Mtu wetu wa kuanzia ni Somerled, mtawala wa Argyll na sehemu ya visiwa vya Hebrides, aliyeuawa karibu na Renfrew mwaka 1164. Huyu hana shaka: kasisi mmoja wa Glasgow alitunga shairi la Kilatini kukishangilia kifo chake, na adui hamshangilii marehemu wa kubuni. Mjukuu wake, Donald, ndiye aliyeupa ukoo jina.

Sasa tupande. Muswada wa Kigaeli wa mwaka 1467, uliohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, una nasaba za koo nyingi. Babake Somerled ni Gille-Brighde, yaani mtumishi wa Mtakatifu Brigid. Jina hilo ni la Kigaeli. Somerled, kinyume chake, ni jina la Kiviking, lenye maana ya msafiri wa kiangazi. Juu zaidi tunampata Gofraidh, kisha Colla Uais na Conn, wafalme wa hadithi za Ayalandi.

Hapa mhakiki akaze macho. Habari kwamba Gofraidh alitoka Ayalandi katika karne ya 9 kumsaidia mfalme Kenneth mac Alpin zimo katika kumbukumbu zilizokusanywa na Mícheál Ó Cléirigh na wenzake kati ya 1632 na 1636. Hizo ni takriban miaka 800 baadaye! Isitoshe, hata Gofraidh ni jina lenye asili ya Kiviking. Wanahistoria wengi huishuku taarifa hiyo, nami nawaunga mkono.

Kwa nini basi Conn awekwe kileleni? Wakuu wa MacDonald walikuwa Mabwana wa Visiwa hadi 1493, na washairi wao walihitaji kuwapa hadhi ya wafalme wa Kigaeli. Shairi la kuhimiza askari linalohusishwa na vita vya Harlaw, 1411, huwaita wazao wa Conn. Nasaba ilikuwa hoja ya utawala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford alichunguza chembe za urithi za wakuu wa matawi ya ukoo huu. Alama waliyorithi kwa baba ni ya aina inayopatikana kwa wingi Norwei. Je, nasaba ilidanganya? Tusikimbilie hukumu hiyo. Kipimo hicho hufuata mstari mmoja tu, baba kwa baba. Akina mama wote wa Kigaeli hawamo. Tena wakuu hao, ambao matawi yao yalitengana karne nyingi zilizopita, walikuwa na alama ileile, sawa na nasaba ilivyodai kutoka kwao hadi kwa Somerled.