Glayeli: ua la "Wazungu" lililozaliwa kwetu

Siku moja wakati wa mvua mwanafunzi wetu mmoja alileta darasani ua refu jekundu, lenye manjano kooni, pamoja na kiazi chake. Akauliza: "Mwalimu, hii maua ya ndoa iko inaota mu pori ya kwetu. Ni nani aliipanda kule?" Tulimjibu mbio-mbio kwamba pengine ilitoroka katika bustani ya misioni. Tulikosa, na tunaandika hapa ili kulipa deni lile.

Glayeli, kwa jina la elimu Gladiolus, ni ya jamaa ya irisi. Jina hilo la Kilatini maana yake ni upanga mdogo, juu ya majani yake yaliyochongoka. Aina zake zinapita 250, na nyingi ni za Afrika. Ile ya mwanafunzi wetu ni Gladiolus dalenii. Inaota toka Afrika ya Kusini mpaka Etiopia, na huku Katanga inatoka kati ya nyasi za miombo mvua zikirudi.

Katika karne ya 19 aina hiyo ilichukuliwa Afrika ya Kusini, ikapelekwa Ulaya. Kule Enghien, Ubelgiji, mtunza bustani mmoja, Bedinghaus, aliizalisha na aina nyingine. Mwaka 1841 Louis Van Houtte, muuza maua wa Gent, akaanza kuuza mzao wake kwa jina la Gladiolus gandavensis, ndiyo kusema "wa Gent". Humo ndimo zimetoka glayeli nyingi kubwa za bustani. Basi ile tunayoinunua kwa ndoa na kwa makaburi ni mjukuu wa Afrika, aliyerudi na paspoti ya kigeni!

Watu wa kusini mwa Kongo hawakungojea Gent. Walichimba viazi vyake, wakavichemsha, wakamwaga maji, wakala. Kuna hata aina ya Katanga ambayo wataalamu Wabelgiji waliiita Gladiolus tshombeanus, kwa jina la Moïse Tshombe. Lakini majina ambayo mama zetu wachimbaji walikuwa wanayatumia, kitabu tunachofundishia hakina hata moja.

Yule mwanafunzi alimaliza masomo mbele hatujamjibu vizuri. Kiazi chake tulikipanda mu lupango yetu, karibu na kisima. Kimekwisha kuchanua mara mbili, na majirani wanatuuliza tulikinunua wapi.