Safari ya mvutaji chipukizi hadi utumwa wa nikotini

NI vigumu kumpata mvutaji wa sigara ambaye alianza akiwa na nia ya kuvuta maisha yake yote. Aghalabu sigara ya kwanza huvutwa katika ujana, nyuma ya bweni, pembezoni mwa uwanja wa michezo au kando ya kibanda cha mtaani, na anayeivuta hujiambia kwamba ni ya kujaribu tu. Miaka michache baadaye, mtu yuyo huyo huamka alfajiri na kuanza kupapasa mifuko ya koti akitafuta kipisi kilichosalia kabla hata hajanawa uso.

Baina ya siku hizo mbili kuna safari ambayo wanasayansi wameichunguza kwa kina. Funzo lake kuu ni kwamba uraibu hauanzi siku mtu anapomaliza pakiti nzima. Huanza mapema zaidi, wakati mvutaji angali anaamini kwamba anaweza kuacha wakati wowote apendao.

Suala hili si geni nchini. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima nchini Kenya, yaani takriban watu milioni 2.5, walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Mwaka mmoja awali, uchunguzi miongoni mwa wanafunzi wa umri wa miaka 13 hadi 15 ulikuwa umebainisha kwamba karibu mmoja kati ya kila kumi alikuwa akiitumia.

Nikotini ni nini?

Nikotini ni kemikali ambayo mmea wa tumbaku huitengeneza ili kujikinga dhidi ya wadudu. Kwa miaka mingi wakulima waliitumia kama dawa ya kunyunyizia mimea. Jina lake linatokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, ambaye katika karne ya 16 alipeleka tumbaku katika jumba la kifalme la nchi yake.

Sehemu kubwa ya maradhi yanayowaua wavutaji, ikiwemo saratani ya mapafu, husababishwa na lami na gesi zilizomo katika moshi. Kazi ya nikotini ni kumrejesha mvutaji kwenye moshi huo kila siku.

Sigara moja huwa na takriban miligramu 10 hadi 14 za nikotini, ingawa mwili wa mvutaji hupokea miligramu moja au mbili pekee. Kiasi hicho kidogo husafiri kwa kasi ya ajabu. Moshi ukishaingia mapafuni, nikotini huchukuliwa na damu na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Kasi hiyo ni muhimu, kwa kuwa kadiri malipo yanavyofuata tendo upesi, ndivyo ubongo unavyolishika tendo hilo na kutaka lirudiwe.

Sigara ya kwanza

Mwili usioijua nikotini huipokea kama sumu. Mvutaji chipukizi hukohoa, akashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, moyo ukamwenda mbio na jasho jembamba likamtoka. Baadhi hutapika. Hilo ni onyo ambalo mwili humpa mwenyewe, na kuna wanaolitii wasirudie tena.

Wanaorudia hugundua kwamba baada ya sigara chache, kichefuchefu na kizunguzungu hupungua, kisha hutoweka. Wenzao huwasifu kwamba sasa wamekomaa. Kwa kweli hakuna ukomavu wowote hapo. Kilichotokea ni kwamba mwili umeanza kuizoea nikotini, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya safari. Kizuizi cha asili kimeondoka, na mvutaji sasa anaweza kuingiza kiasi kikubwa zaidi bila kuumwa.

Ubongo unavyobadilika

Katika ubongo mna vipokezi vilivyo mithili ya kufuli, ambavyo hufunguliwa na kemikali ya mwili iitwayo asetilikolini. Nikotini inafanana na kemikali hiyo kiasi cha kuweza kuzifungua kufuli hizo kama ufunguo bandia. Zinapofunguka, ubongo humwaga dopamini, kemikali inayompa mtu hisia ya kuridhika na kumfanya alikumbuke jambo lililomletea raha.

Hata hivyo, ufunguo huo bandia una hila. Hukaa ndani ya kufuli kwa muda mrefu kuliko ule wa asili, na baada ya dakika chache vipokezi hufa ganzi visiitikie tena. Ndiyo maana sigara ya pili inayofuata upesi haina ladha ya ile ya kwanza.

Nikotini inapoendelea kuja siku baada ya siku, ubongo hujirekebisha kwa kuongeza idadi ya vipokezi. Mwaka wa 1988, watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kuchunguza bongo za watu waliofariki, wakaonyesha kwamba waliokuwa wavutaji walikuwa na sehemu nyingi zaidi za kuipokea nikotini kuliko wasiovuta.

Kutokana na mabadiliko hayo, kiasi cha nikotini kilichomtosheleza mvutaji mwezi uliopita hakimtoshelezi tena. Aliyevuta sigara moja Jumamosi huanza kuvuta mbili, kisha tatu, kisha akajikuta akivuta pia Jumatano. Anapojiona ameizoea sigara, ubongo wake tayari umejipanga upya kuisubiri.

Sigara ya asubuhi

Nikotini haikai mwilini kwa muda mrefu. Kila baada ya takriban saa mbili, nusu ya kiasi kilichomo katika damu huwa kimeondolewa, hasa na ini. Usiku kucha mvutaji akiwa amelala, kiwango hushuka na vipokezi vilivyokuwa vimekufa ganzi huamka. Kunapopambazuka, vyote huwa wazi vikidai haki yao.

Hii ndiyo sababu wavutaji wengi husema kwamba sigara tamu kuliko zote ni ile ya asubuhi. Mtaalamu wa Uswidi, Karl Fagerström, ambaye mwaka wa 1978 alibuni orodha ya maswali ya kupima uraibu wa nikotini, alitilia maanani jambo hilo. Hadi leo, muda ambao mtu hukaa baada ya kuamka kabla ya kuwasha sigara huhesabiwa miongoni mwa vipimo bora vya uraibu. Anayeiwasha kabla ya dakika tano kupita huwekwa katika kundi la walionaswa zaidi.

Dalili hutangulia mazoea

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtu huvuta kila siku kwa muda mrefu kwanza, ndipo uraibu umjie. Dhana hiyo ilitiliwa shaka na daktari Joseph DiFranza na wenzake katika jimbo la Massachusetts, Marekani, waliofuatilia wanafunzi wa umri wa miaka 12 na 13. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2000, walieleza kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na dalili za uraibu wiki chache tu baada ya kuanza kuvuta mara mojamoja, wengine hata siku chache, kabla ya kufikia kuvuta kila siku.

Miongoni mwa dalili hizo ni kushindwa kuacha baada ya kujaribu, kuhisi hamu kali isiyozuilika, kuona ugumu wa kujizuia mahali pasiporuhusiwa kuvuta, na kuwa na hasira au wahaka sigara inapokosekana. Wapo wataalamu waliobishana na DiFranza kuhusu uzito wa dalili za mapema kiasi hicho. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2018, uliojumlisha tafiti zenye zaidi ya watu 200,000 kutoka Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand, ulikadiria kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya waliowahi kujaribu sigara walikuja kuvuta kila siku, angalau kwa kipindi fulani.

Si kila anayejaribu hunaswa. Urithi wa kinasaba, mazingira na umri vyote huchangia. Vijana wako katika hatari zaidi kwa kuwa ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi takriban umri wa miaka 25.

Raha au nafuu?

Uraibu ukishakita mizizi, maana ya sigara hubadilika. Nikotini inapopungua mwilini, mvutaji hukosa utulivu, hukasirika kwa jambo dogo na hushindwa kumakinika kazini. Hali hii ya kuteswa na ukosefu wa kileo ndiyo ambayo Pwani hujulikana kama arosto. Akivuta, utulivu hurejea, naye huishukuru sigara kwa kumwondolea mawazo. Hatambui kwamba sehemu kubwa ya wahaka huo ililetwa na sigara iliyotangulia. Ni sawa na mtu anayekopa leo ili alipe riba ya mkopo wa jana.

Kadhalika, mazoea hujijenga juu ya kemikali. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku, akiivuta kila moja mara kumi, hupeleka nikotini kwenye ubongo mara 200 kwa siku, au mara 73,000 kwa mwaka. Kila mara tendo hilo huambatana na kitu fulani: kikombe cha chai, mwisho wa mlo, kusubiri matatu au mazungumzo na rafiki. Baada ya muda, harufu ya chai pekee hutosha kuamsha hamu.

Kubadilisha aina ya sigara hakusaidii. Wanaohamia sigara zinazodaiwa kuwa nyepesi huvuta kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi, bila wenyewe kujua, hadi wapate kiwango walichokizoea. Nayo nikotini ya shisha, ugoro, sigara za kielektroniki au vijifuko vya kuweka chini ya mdomo huufunza ubongo somo lilo hilo.

Ukweli huu haukukubaliwa kwa urahisi. Mwaka wa 1988, mkuu wa huduma za afya ya umma nchini Marekani, C. Everett Koop, alitangaza katika ripoti rasmi kwamba nikotini huleta uraibu kwa njia zinazofanana na za heroini na kokeini. Lakini Aprili 1994, wakuu saba wa kampuni za tumbaku walikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo na kusema hawaamini kwamba nikotini huleta uraibu.

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutekelezwa Julai 2008, inapiga marufuku kuwauzia sigara walio chini ya umri wa miaka 18, pamoja na kuuza sigara moja moja. Hata hivyo, biashara hiyo ya rejareja ingali inaendelea vibandani, na ndiyo inayomwezesha mwanafunzi asiye na pesa za pakiti kununua somo lake la kwanza kwa sarafu chache.

Kuna matumaini

Anayeacha hukumbana na dalili kali zaidi katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua polepole kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Vipimo vya ubongo vimeonyesha kwamba vipokezi vilivyozidi hurejea katika idadi ya kawaida baada ya wiki 6 hadi 12.

Miongoni mwa wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni kati ya 3 na 5 tu katika kila 100 ambao hufaulu kwa miezi sita au zaidi. Ushauri wa wataalamu pamoja na dawa huongeza uwezekano huo. Mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani liliziweka bidhaa za nikotini za kutibu uraibu, kama vile plasta na ubani wa kutafuna, katika orodha ya dawa muhimu. Kushindwa mara moja si mwisho, kwani wengi waliofaulu walijaribu mara kadhaa.

Hata hivyo, aliye na nafasi nzuri zaidi ni yule ambaye angali anavuta mwisho wa wiki tu na kusema hajafika popote. Akijaribu kukaa mwezi mzima bila sigara na kuona hesabu ya siku inamlemea, atakuwa amepata jibu lake. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nikotini hutokea siku ile kichefuchefu kinapotoweka.