Majina ya Kuzaliwa katika Usukuma na Ukerewe

Katika vijiji vilivyo kandokando ya Ziwa Nyanza, karibu na Mwanza, mtu akiuliza ni nani aliyemchagulia Mabula jina lake, huenda akajibiwa kwamba hakuna aliyechagua: mvua ilikuwa ikinyesha. Mbula kwa Kisukuma ni mvua. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na wa kike Kabula. Msichana aliyezaliwa katika njaa, yaani nzala, huitwa Nyanzala. Misoji ni machozi. Makoye ni taabu. Majina ya namna hii wazazi waliyapokea zaidi kuliko kuyabuni. Hiari yao ilikuwa katika kuamua ni jambo gani, kati ya mambo ya siku zile, lililostahili kukumbukwa.

Wazazi wa pacha hawakuwa na hiari hata hiyo. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Majina mawili ya kwanza yanajulikana mbali sana na ziwa: Muhammad Saleh Farsy alipotoa hadithi yake ya maisha ya kijiji cha Unguja, mwaka 1960, aliiita Kurwa na Doto. Shija, aliyewafuata kwa kuzaliwa, hakuwafuata sana katika safari hiyo.

Tena, jina lililokwisha kutolewa liliweza kubadilishwa. Mtoto akilia pasipo kunyamaza, au akiugua mara kwa mara, wazazi walimwendea mfumu awatazamie, naye aliweza kusema kwamba mmoja wa masamva, yaani mizimu ya wazee, anataka jina lake lirudi nyumbani. Hapo aliyechagua hakuwa baba wala mama, bali marehemu.

Upande wa Ukerewe ushahidi bora umo katika kitabu cha Aniceti Kitereza, alichokiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka 1980. Myombekere na mkewe Bugonoka, waliosumbuka muda mrefu kwa kukosa mtoto, wanapata mwana wanayemwita Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Hayo si maneno ya shangwe. Jina la kwanza hufasiriwa kuwa ni kauli ya mtu anayeishi na msiba siku zote, na la pili kuwa ni swali: taabu itakwisha lini? Mgeni angetazamia jina la furaha. Lakini jina la Kikerewe liliweza kuwa usemi kamili wa mzazi, uliotamkwa kila mtoto alipoitwa.

Kitereza mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, alikuwa pia na jina la ubatizo. Mapadre Weupe walikuwa wamekwisha kujenga misheni Bukumbi, kusini ya Mwanza, tangu mwaka 1883, na ubatizo ulileta jambo geni kwa wazazi: orodha ya majina ya watakatifu, yasiyohusu mvua wala njaa, ambayo mtu aliweza kuchagua lolote. Hapo ndipo kuchagua, kwa maana ya leo, kulipopata nafasi kubwa.

Hata hivyo badiliko zito zaidi halikuwa la Paulo au Maria. Daftari za shule na za serikali zilitaka kila mtu awe na jina lake na la baba yake, na jina la kuzaliwa la baba, au la babu, likageuka kuwa la ukoo. Kwa sababu hiyo Mabula wa leo aweza kuwa amezaliwa katikati ya kiangazi, na mwanamume aweza kuitwa kwa jina la njaa iliyompata babu yake. Mwanahistoria akutanapo na jina kama hilo katika daftari ya zamani, hana budi kwanza kutazama limeandikwa mahali pa ngapi. Likiwa la kwanza, mvua ni ya mwenye jina. Likiwa la mwisho, ni mvua ya mtu mwingine, na mwaka wake hautafutwi katika umri wa aliyeandikwa.