Mgeni wa Siku ya Tatu

Mwaka 1331 chombo kimoja kilitia nanga Mombasa, na ndani yake alikuwamo msafiri kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta. Alilala kisiwani usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Lakini macho yake hayakulala. Katika habari za safari zake alisimulia kuwa misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kuwa penye misikiti palikuwa na visima, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini. Kuwa kila aingiaye aliosha miguu yake kwanza, kisha akaifuta juu ya mkeka mnene uliowekwa mlangoni, maana watu wengi walikwenda bila viatu.

Msomaji, uzingatie mkeka huo. Haumo katika nguzo tano za Uislamu. Hata hivyo, bila mkeka ule tusingejua jinsi Mwislamu wa Mombasa alivyoiendea sala yake karibu miaka mia saba iliyopita. Nguzo za dini twazisoma vitabuni. Maisha ya wenye dini twayakuta mlangoni, kisimani, jikoni na barazani. Elimu inayoyatafuta maisha hayo huitwa anthropolojia, yaani elimu ya wanadamu na desturi zao. Nataka tuitazame elimu hiyo ilipowaendea Waislamu, tuone ilifaulu wapi na ilikosea wapi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ibn Battuta hakuingoja siku ya tatu. Mwanaanthropolojia ni yule mgeni anayekaa mpaka akapewa jembe. Bronislaw Malinowski alikaa hivyo katika visiwa vya Trobriand kati ya mwaka 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji na kuishi kati yao. Baadaye alifundisha London, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya mila za Wagikuyu, watu wake mwenyewe. Kwa hiyo elimu hii si ngeni kwetu.

Kwa Waislamu wageni wa namna hiyo walikuwa wamefika mapema zaidi. Mwingereza Edward Lane alikaa Cairo miaka kadhaa, akavaa mavazi ya huko na kusema Kiarabu, na mwaka 1836 akatoa kitabu kikubwa juu ya desturi za Wamisri. Mwaka 1885 Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje aliingia Makka, akaishi humo miezi kadhaa kwa jina la Abd al-Ghaffar, akaandika habari za nyumba, masoko na madarasa ya mji ule mtukufu. Hata leo wataalamu hubishana kama kusilimu kwake kulikuwa kwa kweli. Jambo moja halibishaniwi: tangu mwaka 1889 aliitumikia serikali ya kikoloni ya Kiholanzi katika nchi ambayo leo ni Indonesia, akaipa mashauri katika vita vyake na Waislamu wa Aceh. Maarifa aliyoyapata kwa kuketi na watu yakawa silaha mikononi mwa waliowapiga watu. Basi mgeni anapouliza maswali, mwenyeji naye ana haki ya kumwuliza swali moja: majibu haya utampelekea nani?

Je, mwenyeji hawezi kuyasema yake mwenyewe? Aweza sana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilitolewa Ujerumani na Carl Velten, na sehemu kubwa ya habari zilizomo zilitoka katika kalamu ya Mtoro. Humo mna kuzaliwa kwa mtoto na chuo cha Kurani, mna jando na ndoa, mna pepo na uganga, mna mauti na maziko. Mambo hayo yamepangwa pamoja bila haya, kwa kuwa yalikuwa pamoja maishani. Ni kweli kwamba jina la Velten lilikaa mbele, na Mtoro akakaa nyuma kwa miaka mingi. Lakini ukisoma, sauti unayoisikia ni ya mtu anayesema habari za nyumbani kwao.

Sasa twende Lamu, maana huko ndiko swali kubwa la elimu hii lilikopata mwangaza. Mwaka 1974 Abdul Hamid el-Zein, Mwislamu wa Misri aliyesomea anthropolojia Marekani, alitoa kitabu juu ya dini katika mji huo. Alikuta mji mdogo wenye misikiti mingi, Kitabu kimoja na kibla kimoja. Lakini alipokaa na kusikiliza, aliona kuwa watu hawakuielewa dini yao kwa namna moja. Waungwana wa mawe ya Mkomani walijiona kuwa walinzi wa elimu na usafi, na wazao wa watumwa waliwekwa mbali na elimu hiyo. Sharifu mmoja mzaliwa wa Ngazija, Saleh bin Alawi, ambaye watu humwita Habib Saleh, alikwenda kukaa upande wa Langoni, akawafundisha wale waliodharauliwa. Hapo ndipo ulipoota msikiti na chuo cha Riyadha. Kila mwaka, katika mwezi wa mfungo sita, Maulidi ya Habshi husomwa huko kwa sauti na matari, na wageni huja kutoka pande zote za pwani.

Walikuwapo wanazuoni walioyapinga matari hayo msikitini. Mzozo wa namna hii haukuwa wa Lamu peke yake. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na lile la Al-Islah mwaka 1932, akazikosoa desturi alizoziona kuwa zimewatoa Waislamu katika njia.

Hapa ndipo swali lilipozaliwa: Uislamu ni mmoja au ni mwingi? Clifford Geertz, Mmarekani aliyeishi Java na Moroko, alionyesha mwaka 1968 kuwa imani ile ile ilivaa sura mbili: Java ya utulivu na kutafakari, Moroko ya juhudi na ukali wa maadili. El-Zein akaenda mbele zaidi. Mwaka 1977 aliandika kwamba mtaalamu hana haki ya kuchagua Uislamu mmoja na kuuita wa kweli, kisha akauita wa mwanakijiji upotovu. Mwaka 1986 Talal Asad, aliyezaliwa Madina, akajibu kwa njia nyingine. Alisema, kwa ufupi, kwamba mtaalamu aanze pale wanapoanza Waislamu wenyewe, yaani katika Kurani na Hadithi, kisha atazame jinsi wanavyofundishana, wanavyorekebishana na wanavyobishana juu ya lililo sawa.

Mimi naona jibu la Asad lina nguvu, na ushahidi wake u pale Lamu. Aliyepiga tari na aliyelikataza, wote wawili walitaka kumridhia Mungu mmoja na kumheshimu Mtume mmoja, na kila mmoja alikuwa na hoja ya dini. Kubishana kwao hakukuwa dalili ya kuwa dini mbili. Kulikuwa ni sehemu ya kuwa na dini moja. Asomaye kitabu tu hataliona tari. Atazamaye tari tu hataielewa hoja. Vyote viwili vyahitajiwa.

Tena liko kosa lililodumu sana: wataalamu wengi walikuwa wanaume, na wanaume hawakaribishwi kila mahali. Walikaa barazani, wakaandika kana kwamba baraza ndiyo nyumba nzima. Margaret Strobel alipoandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka 1979, vilionekana vyama vya lelemama, arusi, na mashindano ambayo baraza haikuyaeleza. Mwaka 1989 yeye na Sarah Mirza wakatoa habari za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kama walivyozisimulia wenyewe. Ndani ya nyumba ile ile mlikuwa na historia nyingine, ikingoja kuulizwa.

Nawe, msomaji, huna haja ya kusafiri kwenda Trobriand. Darasani mwako huenda ameketi mwenzako afungaye Ramadhani, na mwingine aendaye kanisani Jumapili. Ni rahisi kumwona mtu mmoja siku moja, ukasema, "Hao ndivyo walivyo." Maneno hayo mafupi yamewafukuza watu makwao na kuwatenga majirani waliochota maji kisima kimoja. Kabla hujayasema, jiulize: lugha yao naijua? Nimekaa nao muda gani? Nimemsikiliza sheikh peke yake, au na fundi, na mama, na mtoto wa chuo? Na nikiwasomea niliyoyaandika, watajitambua humo? Ukishindwa kuyajibu hayo, ujue wewe bado ni mgeni wa siku ya kwanza. Hilo si aibu, ila mgeni wa siku ya kwanza hahukumu; hulipokea jembe, akaingia shambani pamoja na wenyeji.