Kilimatinde, mji wa kusindikizana

Vitabu vya historia hupenda kueleza nani alifika wapi na lini. Kilimatinde, mji mdogo wa wilaya ya Manyoni mkoani Singida, unahitaji swali jingine: nani aliondoka, na waliobaki walimuaga vipi?

Mji umekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Mashariki ardhi inaporomoka kuelekea tambarare za Bahi. Magharibi vinaanza vichaka vya Itigi, vizito kiasi kwamba mtu akiacha njia hatua chache haonekani tena. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliita upande huo Mgunda Mkali. Kufikia hapo msafara ulikuwa umekwisha kukatiza Ugogo na kulipa hongo (ushuru wa njia) ya vitambaa na shanga kwa mtemi mmoja baada ya mwingine. Sasa ilibidi kununua mtama na kujaza maji kwenye vibuyu, maana mbele palikuwa na siku kadhaa za pori ambalo maji yake ni ya kubahatisha. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake mkeka wake, chungu na posho. Mgonjwa asiyeweza mwendo huo aliachwa kijijini. Wenzake walimuaga bila kujua kama watamkuta.

Katika nchi ya kutembea kwa miguu, kumuaga mtu mlangoni hakutoshi. Mgeni husindikizwa. Hata Wazungu waliopita njia ile waliagana hivyo. Tarehe 14 Machi 1872, karibu na Tabora, Henry Morton Stanley alianza safari ya kurudi pwani baada ya miezi minne pamoja na David Livingstone. Livingstone, afya yake ikiwa imekwisha kudhoofu, alitembea naye kipande cha njia kabla ya kupeana mikono. Hawakuonana tena. Stanley alikatiza Mgunda Mkali na Ugogo hadi Bagamoyo; Livingstone alifariki mwaka uliofuata.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga boma Kilimatinde ili kuishika njia hiyo. Baadhi ya maofisa waliotumwa kwenye koloni walikuwa wamesoma Kiswahili Berlin, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, na walimu wao walikuwa watu wa pwani yetu waliokubali kuishi ugenini miaka kadhaa. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda mwaka 1900, na maandishi yake ni sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa 1903.

Habari ya Mtoro inauma. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata akapanda naye meli kurudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. Mtu aliyeandika kwa uangalifu mkubwa jinsi watu wa kwao wanavyoishi alirudishwa Ujerumani huku bandari ya nchi yake ikiwa mbele ya macho yake, akafia huko mwaka 1927. Waliomuaga mwaka 1900 hawakujua kwamba wanamuaga kabisa.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora 1912. Haikupita Kilimatinde: ilipanda mwinuko kutoka Saranda, chini ya mji, ikaelekea Manyoni. Biashara na ofisi zikaifuata. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta wafungwa wa kivita wa Kiingereza Kilimatinde, kisha mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yakaiteka Dodoma na, siku hizohizo, Kilimatinde yenyewe. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, Ugogo ukaingia kwenye Mtunya, njaa ya kati ya 1917 na 1920 iliyoua maelfu kwa maelfu.

Njaa hiyo inaeleza uzito wa zawadi anayopewa mtu anayeagwa katika nchi hii. Mahali ambapo mvua moja ikikosekana ghala linabaki tupu, debe la karanga au kuku ni akiba ya nyumba.

Baada ya boma, kilichoupa mji uhai ni hospitali ya Kanisa Anglikana, kazi iliyobebwa na wamisionari wa Australia tangu Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers. Wauguzi na madaktari walikuja kwa treni na kuondoka kwa treni. Kusindikizana kukawa na kituo chake: stesheni.

Leo wanaoagwa zaidi ni vijana. Wapo wanaosomea uuguzi, waliotoka mikoa ya mbali, na hospitali za misheni kama hii hupokea pia wanafunzi wa Ulaya wanaokuja kujifunza kazi. Mwanafunzi mgeni akimaliza muda wake haondoki kimyakimya. Jumapili ya mwisho huitwa mbele kanisani baada ya matangazo, kwaya ikaimba, mzee akatoa neno. Kina mama humfunga kitenge mabegani kwa vigelegele. Akirudi chumbani hukuta kuku hai, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, au chupa ya asali ya Manyoni, kizibo kimezungushiwa nailoni ili isimwagike njiani. Kuku hawezi kupanda ndege, kwa hiyo mgeni humkabidhi kuku huyo kwa jirani aliyekuwa akimpikia, na jirani humpokea kwa mikono miwili.

Safari yenyewe imefupika. Kutoka Manyoni ni basi hadi Dodoma, na tangu mwaka 2024 kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni treni ya umeme. Wanaomsindikiza hupanda pikipiki au gari la hospitali mpaka stendi ya Manyoni. Konda wa basi la Dodoma hasubiri risala, kwa hiyo risala zote husomwa Kilimatinde, usiku wa kuamkia safari.