Siha, Ustawi au Uzima? Jina la Kiswahili la Utalii wa Ubud

Mhariri wa jarida akiletewa makala kuhusu mji wa Ubud, kisiwani Bali, atakwama kabla ya kufika aya ya pili. Mji huo mdogo wa Indonesia, uliozungukwa na mashamba ya mpunga, husifiwa kwa neno moja la Kiingereza, wellness, na bila neno hilo habari yote inapwaya. Akiandika "mji wa afya", msomaji ataona hospitali. Akiandika "mji wa ustawi", ataona ofisi za halmashauri. Akiandika "mji wa mapumziko", ataona ufuko wa bahari, na Ubud haina ufuko. Neno linalofaa, kwa maoni yangu, ni siha, na shughuli yenyewe ni utalii wa siha. Lakini kabla ya kulitetea, tuangalie watu wanakwenda huko kufanya nini.

Tumchukue msafiri wa peke yake aliyebakiwa na siku chache kabla ya kupanda ndege. Bahari ameogelea, volkano amepanda, na sasa amekuja Ubud kumalizia. Alfajiri, jua halijawa kali, anapita kwenye njia ya Campuhan, tuta refu la nyasi lililo katikati ya mito miwili inayokutana bondeni, penye hekalu la Gunung Lebah. Akirudi anaingia darasa la yoga. Mchana anakandwa, kisha anasuguliwa boreh, mchanganyiko wa unga wa mchele, karafuu, tangawizi, mdalasini na kungumanga. Jioni ni glasi ya jamu, kinywaji cha mitishamba cha Kiindonesia, ya manjano na ukwaju, na kulala mapema. Nyumba nyingi za wageni Ubud zimo ndani ya ua wa familia, kwa hiyo asubuhi humkuta mwenye nyumba akiweka canang sari, kisahani cha majani ya mnazi chenye maua na uvumba, mlangoni na kwenye ngazi. Mgeni hujifunza upesi kuangalia anapokanyaga. Hana mwenzake wa kushauriana naye wala wa kumharakisha. Akitaka kukaa saa mbili akitazama mvua, anakaa.

Msafiri huyu si mgonjwa, na hapo ndipo mpaka wa kwanza wa dhana yetu ulipo. Anayesafiri kwenda Chennai kufanyiwa upasuaji wa moyo anafanya utalii wa tiba, au tiba utalii kama wengine wanavyopenda kuandika. Huyo ana maradhi, ana daktari, na safari yake hupimwa kwa kupona. Wa Ubud hana cha kupona. Mpaka wa pili uko upande wa mapumziko. Anayepumzika anaacha kazi tu, ilhali huyu ana ratiba na analipia ili mwili na nafsi yake viondoke vikiwa katika hali bora kuliko vilivyofika. Kwa hiyo utalii wa siha ni safari ya mtu asiye mgonjwa ya kudumisha au kuboresha hali ya mwili na nafsi yake. Wataalamu wa biashara hiyo hugawa tena: kuna anayefunga safari kwa ajili ya siha tangu mwanzo, na kuna anayeichanganya na mambo mengine. Wetu, aliyekuja Bali kwa bahari na milima akamalizia kwa yoga, ni wa kundi la pili.

Neno la Kiingereza lina umri mkubwa kuliko biashara yake. Lilikuwapo tangu karne ya 17, likimaanisha tu kutokuwa mgonjwa, na kwa muda mrefu halikuwa na kazi kubwa. Aliyelipa kazi ni Halbert Dunn, daktari wa Marekani aliyekuwa pia mtaalamu wa takwimu za vizazi na vifo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitoa mihadhara iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1961, na hoja yake ilikuwa kwamba kati ya watu wasio wagonjwa pia kuna ngazi. Wawili wanaweza kupimwa wote wakakutwa salama, mmoja akawa anajikokota na mwingine akawa na nguvu tele. Mtu aliyetumia miaka yake kuhesabu vifo alikuwa na haki ya kujiuliza walio hai wanaishije. Katika miaka ya 1970 California iliichukua hoja hiyo, vituo vikafunguliwa, na kutoka hapo neno likaingia sokoni.

Sasa tuyapime maneno yetu. Ustawi lina nguvu, lakini limeshaajiriwa. Tuna maafisa ustawi wa jamii, na katika tafsiri za maana ya afya iliyowekwa na katiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1946, ustawi ndilo linalosimama mahali pa dhana pana ya mtu kuwa vizuri kimwili, kiakili na kijamii. Ustawi una jamii ndani yake, una mshahara, maji na shule. Msafiri wetu aliyelala juu ya kitanda cha kukandwa hafanyi jambo la kijamii hata kidogo. Tukimpa neno hilo, afisa ustawi tutamwita nani?

Uzima ndilo linalonivutia kwa umbo lake. Mtu mzima wa afya, kiambishi u-, basi, tumepata kilekile Waingereza walichokipata. Tatizo ni kwamba uzima una wenyewe. Kanisani ni uzima wa milele. Mtaani mtu mzima ni aliyepita ujana. Tangazo la "utalii wa uzima" litaleta wastaafu na mahujaji katika basi moja, na wote watakuwa na haki ya kudai nauli yao. Afya nayo imezama katika wizara, zahanati na kadi za bima kiasi kwamba haiwezi tena kutajwa bila harufu ya dawa. Kulitohoa neno la Kiingereza kukapatikana "welnesi" kunawezekana, ila sioni haja ya kukopa wakati kabatini kuna neno lisilo na kazi.

Neno hilo ni siha. Tunalijua katika salamu za barua, tunapotakiana siha njema, na katika habari za mtu ambaye siha yake imedhoofika au imeimarika. Kuimarika na kudhoofika huko ndiko ngazi za Dunn. Siha hupanda na kushuka bila kusubiri maradhi, na ni ya mtu mwenyewe: siha yangu, siha yako. Atakayepinga atasema siha inaweza pia kuwa mbaya, kwa hiyo lazima tuongeze "njema" kila mara. Mbona kituo cha afya hatukiiti kituo cha afya njema?

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka Indonesia kwenyewe. Siha tuliichukua kwa Waarabu, na Waindonesia walilichukua neno hilohilo wakalifanya sehat. Afya nayo wanayo: kumtaja mtu kuwa ni mzima kabisa husema sehat walafiat, na Mswahili akisikiliza vizuri atazisikia siha na afya zimeshikana mikono. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza utamaduni wa jamu katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika jina la Kiingereza la urithi huo wellness imo. Katika jina la Kiindonesia, Budaya Sehat Jamu, mahali pake pamekaa sehat. Wenye jamu wamekwisha kutufanyia nusu ya kazi.

Hata hivyo istilahi hii ina mipaka yake. Utalii wa siha unaeleza nia ya msafiri. Haulielezi jambo lenyewe kama wenyeji wanavyolijua. Jina la Ubud husemwa kuwa limetoka kwenye neno la Kibali ubad, yaani dawa. Boreh anayosuguliwa mgeni ilikuwa ya wakulima wa mpunga, waliojipaka baada ya kutwa nzima matopeni ili mwili upate joto na maumivu ya viungo yatulie. Kwa mkulima ni tiba. Kwa mgeni ni siha, hata kama mkono na bakuli ni vilevile. (Mzanzibari atakuwa ameshaikumbuka singo ya bibi harusi, nayo hatuiiti tiba wala siha, ni urembo. Karafuu iliyomo ndani yake asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia.)

Kwa balian, mganga wa Kibali, mambo yako wazi zaidi. Wenyeji humwendea wakiwa na shida. Wageni walianza kumiminika kwa mmoja wao, Ketut Liyer, baada ya kitabu cha mwandishi Elizabeth Gilbert cha mwaka 2006 kilichomsimulia, na filamu ya kitabu hicho ya mwaka 2010 aliyoigiza Julia Roberts, na wengi wao hawakuwa na shida yoyote ya kutaja. Na kwenye chemchemi ya Tirta Empul, hekalu la karne ya 10 huko Tampaksiring, Wabali huingia majini kufanya melukat, ibada ya kujitakasa. Mgeni husimama katika foleni hiyohiyo, kiunoni amefunga kitambaa hichohicho, akihesabu kwamba leo ametunza siha yake. Mwandishi akiandika kwamba Wabali "hufanya siha" hekaluni atakuwa amewavua dini yao. Aandike ibada kwa wenye ibada na siha kwa mgeni, hata kama ni sentensi moja.

Yanayobaki ni madogo. Mahali penyewe naona paitwe kituo cha siha. "Nyumba ya masaji" imeshachafuliwa jina mijini, na hamamu, ingawa ni neno zuri na jengo la Hamamni la Sultan Barghash bado liko Unguja, inadai bafu la maji ya moto, ambalo si lazima kituo kiwe nalo. Anayesafiri bila mwenzake ni msafiri wa peke yake. "Msafiri pekee" ni yule ambaye basi zima lina yeye tu, na "msafiri mpweke" humbebesha huzuni ambayo pengine hana. Na wapiga chapa waangalie herufi: Utalii wa Siha wenye S kubwa ni habari ya wilaya iliyo ubavuni mwa Kilimanjaro, ambako watalii hupanda mlima.